Mbabe Hutangulia Kuondoka

Ukitoka Kayole kwenda Ruai, Nairobi, kwa barabara ya Kangundo, utaona ploti ambazo bado hazijajengwa zikiwa na migunga mifupi yenye vifundo vyeusi kwenye miiba. Mti huu hupenda ule udongo mweusi unaonata, ambao fundi wa mjengo huuchimba wote na kuutupa kabla hajaweka msingi. Kifundo ni kitupu ndani na kina tundu dogo. Upepo ukivuma, kinapiga mluzi. Kigonge kwa kalamu uone. Sisimizi watamiminika nje, wameinua sehemu ya nyuma hadi juu ya kichwa, wakimsaka aliyebisha. Mbuzi asiyewajua hung'ata mara moja tu.

Mgunga huohuo, kwenye udongo kama huo, umechunguzwa kwa miaka mingi Laikipia, kwenye kituo cha utafiti cha Mpala. Watafiti Truman Young, Maureen Stanton na Todd Palmer walikuta spishi nne za sisimizi zikigombea miti hiyo, na kwa kawaida mti mmoja hukaliwa na kundi moja tu. Vita huzuka pale matawi ya miti jirani yanapogusana, na daraja za ubabe zinajulikana: Crematogaster sjostedti juu, kisha C. mimosae, kisha C. nigriceps, na mnyonge wa mwisho ni Tetraponera penzigi. Sasa, kama mshindi anajulikana, mbona hajatwaa miti yote?

Wanahisabati wamehangaika na swali la aina hii kwa karne nzima. Alfred Lotka na Vito Volterra waliandika milinganyo ya viumbe wanaogombea riziki moja, na jibu la milinganyo hiyo ni kwamba wawili huweza kuishi pamoja ikiwa kila mmoja anajibana mwenyewe zaidi kuliko anavyombana mwenzake. Mwaka 1934 Georgii Gause alionyesha kwa vijidudu vya majini kwamba sharti hilo lisipotimia, mmoja hutoweka. Lakini kwa sisimizi wetu napendelea mfano mwingine, wa Richard Levins na David Culver wa mwaka 1971, ambao David Tilman aliuendeleza mwaka 1994. Huu hauhesabu sisimizi. Unahesabu miti, kama mtu anayehesabu vyumba vya kupanga: kipi kina mpangaji, kipi kitupu, na nani anaweza kumfukuza nani.

Chukua miti 100 na spishi mbili tu, mbabe na mnyonge. Tarakimu hizi ni zangu, za kuonyesha njia tu. Kila mwaka, kati ya makundi 10, moja hufa. Mbabe ni mzito wa kuenea: kama miti yote ingekuwa wazi kwake, makundi yake 10 yangepata miti mipya 2 kwa mwaka. Kadiri anavyojaza miti, nusu ya juhudi zake hatimaye huangukia miti ambayo tayari ni yake. Akifika miti 50, makundi 10 yanapata mti 1 na kupoteza 1. Hapo amegota, wala hakuna aliyemzuia.

Mnyonge amebakiwa na miti 50. Katika kila makundi yake 10, moja hufa na jingine linafukuzwa na mbabe; hasara ni 2. Kuzifidia, huku nusu ya milango imefungwa, lazima awe na uwezo wa kupata miti 4 pale ambapo mbabe hupata 2. Akiwa na uwezo wa 5, anatulia kwenye miti 10. Mwendo ndio silaha yake: anafika kwenye mti mtupu kwanza, anazaa, na watoto wake wanahama kabla mwenye nguvu hajabisha hodi. Stanton na wenzake walikuta jambo linalofanana na hilo Laikipia: spishi dhaifu ndizo hodari wa kupeleka malkia wapya kwenye miti michanga, ilhali sjostedti hupanuka zaidi kwa kuvamia miti ya jirani.

Sasa lete tingatinga. Ng'oa miti 50 kati ya 100, bila kuchagua. Silika ingetuambia mnyonge ndiye atakayefutika. Hesabu inakataa. Mbabe alihitaji miti 50 wazi ili tu azibe pengo la vifo. Miti iliyosimama sasa ni 50 tu, kwa hiyo kila mti anaoukalia unamtia hasarani, na idadi yake inashuka hadi sifuri. Mnyonge, akiwa hana tena mvamizi, hatimaye anapanda hadi miti 30. Isitoshe, mbabe hatoweki siku ya tingatinga. Atadumu miaka akipungua polepole, na mpita njia ataapa kwamba yupo salama. Mwaka 1994 Tilman, Robert May na wenzao waliliita jambo hili deni la kutoweka.

Mfano huu una mapengo, na mengine si madogo. Laikipia ni nadra kukuta mgunga mkubwa usio na sisimizi, ilhali hesabu yangu inaacha miti 40 mitupu. Tena wanyonge hawategemei mbio peke yake. Nigriceps hukata machipukizi ili matawi ya mti wake yasiguse ya jirani. Penzigi huharibu tezi za utomvu mtamu kwenye majani, mti ukose mvuto kwa wavamizi. Ujanja wa namna hiyo haumo kwenye mlinganyo wa Levins.

Na kuna mgeni anayeuvuruga mchezo wote: sisimizi wa kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, ambaye hujenga kiota ardhini na kuwaua wenyeji wa mti bila kuulinda mti wenyewe. Utafiti wa Douglas Kamaru na wenzake uliotoka mwaka 2024 ulifanyika kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, na ulionyesha matokeo yake. Tembo huangusha migunga isiyo na walinzi, uwanda unabaki wazi, simba wanakosa pa kujificha, na badala ya pundamilia wanageukia nyati.

Kwa Ruai na mtaa jirani wa Utawala, nadhani mbabe anaumia zaidi kuliko hesabu inavyosema, kwa kuwa yeye huhama kwa matawi yanayogusana, na ua wa mabati katikati ya ploti mbili unatosha kumkatia njia. Hilo linapimika. Darasa la sayansi lenye daftari linaweza kuhesabu migunga ya ploti moja nzima na ya nyingine iliyomegwa, kuandika kila mti una sisimizi wa aina gani, na kurudi mwaka ujao kabla mawe ya msingi hayajamwagwa.