Anayeuza Mashine ya Kujibu Wateja Auze na Ujuzi wa Lugha

Miongoni mwa njia za kujipatia riziki zinazozungumzwa sana na vijana wetu hapa Eldoret ni kuwaundia wenye maduka madogo programu za akili unde za kuwajibu wateja kwa simu, kisha kuwatoza ada kila mwezi. Rai hii ni njema. Hata hivyo, yafaa tujiulize: ikiwa programu imekwisha kuundwa, mwenye duka ataendelea kulipia nini? Kwa maoni yangu, hana budi kulipia lugha.

Tuchukue mfano wa duka la pembejeo. Mkulima wa Moiben anaandika usiku: "Mko na 614? Na dawa ya mahindi ni ngapi?" Mwenyeji wa Uasin Gishu anafahamu mara moja kwamba 614 ni mbegu. Lakini "dawa" ni mtego. Yaweza kuwa ya magugu, ya viwavi au ya kuhifadhia nafaka ghalani. Mwuzaji mwenye busara atauliza, "Dawa ya nini, mzee?" Programu isiyofunzwa yaweza kukisia tu, na zipo dawa za magugu ambazo zikinyunyiziwa mahindi machanga, huyaua pia.

Kadhalika saa. Saa mbili asubuhi yetu ni saa nane kwa hesabu ya Kiingereza. Mteja akiambiwa na mashine kwamba duka hufunguliwa saa nane, atapoteza nusu siku, na mwenye duka atapoteza mteja.

Chanzo cha kasoro hizi si fumbo. Programu hizi hufunzwa kwa maandishi, nayo ya Kiswahili kwenye intaneti ni haba mno yakilinganishwa na ya Kiingereza. Ndiyo sababu shirika la Jacaranda Health, ambalo huwajibu kina mama wajawazito nchini Kenya kwa ujumbe mfupi, lilizindua mwaka 2023 mfumo wa Kiswahili uitwao UlizaLlama.

Basi anayetaka ada ya kila mwezi aitolee jasho kila mwezi. Asome maswali ya wateja, asahihishe majibu yaliyopotoka, abadilishe bei, na maswali ya hatari ayaelekeze kwa binadamu. Vilevile akumbuke kwamba namba na siri za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Aidha, aweke hesabu ya gharama za mitambo anayokodi, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Wanafunzi wa Kiswahili wameambiwa kwa muda mrefu kwamba masomo yao hayana soko zaidi ya ualimu. Walimu wenzangu, tuwape zoezi jipya: waende madukani, wakusanye maswali mia moja jinsi wateja wanavyoyauliza, kisha wayafafanue darasani. Atakayelimudu zoezi hilo atakuwa na kitu cha kumwuzia mwenye duka, mwezi baada ya mwezi.