MBAO ZENYE DAWA: WAKATI UNAOFAA KUPAKA SAKAFU ZA NJE

Wananchi wenye nyumba, pamoja na wamiliki wa mikahawa na nyumba za wageni za ufukweni, wanakumbushwa kwamba mbao zilizotiwa dawa huhitaji matunzo baada ya kujengwa. Maelezo yafuatayo yanahusu sakafu mpya za nje, ngazi na madaraja madogo ya mbao.

1. Kazi ya dawa
Mbao za misonobari, kama zile zitokazo katika mashamba ya Sao Hill wilayani Mufindi, huingizwa katika tangi la chuma. Hewa hufyonzwa, kisha dawa iliyochanganywa na maji husukumwa kwa nguvu hadi ndani ya mbao. Dawa hiyo huzuia kuvu na mchwa. Haizuii mvua wala jua. Mbao isiyopakwa kitu hufura inapolowa, husinyaa inapokauka, na hatimaye hupasuka. Nyufa hizo hupeleka maji hadi kwenye kiini cha mbao, mahali ambapo dawa haikufika vyema, na huko ndiko uozo unakoanzia.

2. Sababu ya kusubiri
Mbao nyingi hufika kwa mjenzi zikiwa bado zimejaa maji ya kiwandani. Mafuta au rangi ikipakwa wakati huo haipenyi. Jua likishapiga, unyevu wa ndani hutafuta njia ya kutoka, na rangi hutoa malengelenge na kubanduka. Mwenye nyumba huwa amepoteza fedha, na kazi ya kukwangua humngoja.

Muda wa kusubiri hutofautiana, kuanzia wiki chache hadi miezi michache, kwa kutegemea unene wa mbao, upepo na msimu. Mbao zilizokaushwa tena katika tanuri baada ya kutiwa dawa huweza kupakwa mara ujenzi unapokamilika. Mnunuzi amuulize muuzaji kabla ya kulipa.

3. Namna ya kupima
Nyunyiza matone ya maji juu ya mbao mahali kadhaa, pamoja na penye kivuli. Maji yakibaki juu kama shanga, subiri wiki moja au mbili kisha upime tena. Yakinywewa katika muda wa dakika kumi, mbao iko tayari.

4. Msimu
Sakafu iliyojengwa mwanzoni mwa kipupwe, mwezi wa Juni au Julai, ipimwe Agosti na ipakwe kabla ya vuli. Iliyojengwa wakati wa vuli isubiri kiangazi cha Januari na Februari, ili iwe imepakwa kabla ya masika. Hata hivyo, kusubiri kusizidi mno. Jua huharibu nyuzi za juu za mbao na kuzigeuza kijivu, na uso wa namna hiyo haushiki rangi vizuri mpaka usuguliwe kwa msasa.

5. Namna ya kupaka
(i) Osha sakafu kwa brashi na maji ya sabuni, suuza chumvi yote kwa maji baridi yasiyo ya bahari, kisha acha ikauke kwa siku mbili au zaidi.
(ii) Tumia mafuta au rangi ya kupenya iliyotengenezwa kwa mbao za nje. Vanishi haifai kwa sakafu, kwani hujenga utando ambao hubanduka kwa jua na nyayo.
(iii) Paka asubuhi au alasiri, si jua la utosini. Paka kwa wepesi, na ncha za mbao uzipake mara mbili.
(iv) Rudia tone la maji kila mwaka. Kwa kawaida sakafu huhitaji kupakwa upya kila baada ya miaka miwili au mitatu, na karibu na bahari pengine mapema zaidi.
(v) Matambara yenye mafuta yatandazwe nje yakauke. Yakirundikwa huweza kuwaka moto yenyewe.

6. Tahadhari kwa afya
Dawa iliyotumika kwa miaka mingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Nchini Marekani iliondolewa katika mbao za nyumba za makazi mwishoni mwa mwaka 2003. Kwa hiyo vipande na pumba za mbao zenye dawa visichomwe kamwe, visipikiwe wala kukaushia samaki, na majivu yake yasitiwe bustanini, kwani aseniki hubaki ndani yake. Fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi puani na mdomoni anapokata, na anawe mikono kabla ya kula. Mbao hizo zisitengenezewe vihori vya chakula cha mifugo. Misumari na skurubu ziwe zenye zinki nzito au za chuma kisichoshika kutu, kwani shaba iliyomo katika dawa hula chuma cha kawaida, na hewa ya chumvi huongeza kasi.

Wananchi wanaombwa kuyazingatia maelezo haya, na kuwafikishia mafundi wao kabla kazi haijaanza.