ASIYEONEKANA KATIKA SINEMA YA "THE MESSAGE"

Mtu akitaka kujua ya kwamba sinema husema na macho kabla ya kusema na masikio, na aitazame tena ile "The Message", ambayo kwa Kiarabu inaitwa "Ar-Risala". Kisa chake Mwislamu akijua tangu chuoni, kwa hivyo hana haja ya kungojea nini kitatokea. Jicho lake linabaki huru kuangalia jinsi mambo yanavyoonyeshwa.

Sinema hiyo ilitolewa mwaka wa 1976. Mwongozaji wake alikuwa Moustapha Akkad, Mwislamu mzaliwa wa Aleppo, nchini Syria, aliyekwenda Marekani kusomea kazi hiyo akaishi huko. Upigaji picha ulianza Morocco, ukasimamishwa huko, ukamalizikia Libya kwa msaada wa Gaddafi. Lakini shida za serikali na fedha hazikuwa kitu mbele ya sharti alilokuwa nalo Akkad: kusimulia kisa cha Mtume Muhammad (S.A.W.) bila ya kumwonyesha Mtume mwenyewe. Si uso, si umbo, wala sauti. Sharti hilo likawahusu pia wakeze, watoto wake na Makhalifa wanne wa mwanzo.

Sasa picha utaipigaje, na mtu ambaye kisa kizima ni chake hayumo ndani yake?

Akkad alifanya hivi. Pale ambapo Mtume angekuwa amesimama, ndipo alipoiweka kamera. Waigizaji wakaambiwa waitazame kamera machoni, waisikilize, waitikie kwa kichwa maneno ambayo sisi hatuyasikii. Kamera ikisogea, nao husogea. Muziki laini wa kinanda hutangulia kutujulisha, kisha Hamza au Zaid au Bilal huyarudia maneno ili nasi tuyajue. Hamza anapokwisha kumpiga Abu Jahal, hugeuka akaielekea kamera, na uso uliokuwa umewaka hasira ukapoa papo hapo. Hatukuonyeshwa aliyempoza. Tumeonyeshwa kupoa kwake tu, na hayo yametosha.

Hata hivyo kuna swali zito hapa, nami sidhani ni haki kulipita. Ikiwa kamera imekaa mahali pa Mtume, basi mtazamaji aliyekaa kitini naye amewekwa wapi? Anaangalia kwa macho ya nani? Uso umesitiriwa, kweli, lakini macho yameazimwa. Mtu anayechukizwa na jambo hilo hawezi kuambiwa kuwa hajui sinema. Yamkini yeye ndiye aliyeielewa picha kuliko wote.

Si wote waliopinga waliokuwa na hoja ya namna hiyo. Machi 1977, watu wenye silaha waliyateka majengo matatu mjini Washington, na moja katika madai yao lilikuwa kwamba sinema hii isionyeshwe. Walikuwa hawajaiona. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Anthony Quinn ameigiza kuwa Mtume, hali yeye aliigiza kuwa Hamza.

Kwangu mimi, pahala Akkad alipofaulu zaidi ni pale anapotumia njia nyingine, ya kuwaonyesha wanaomtazama Mtume badala ya kutazama kwa macho yake. Angalia kuingia Madina. Watu wamejaa mapaani na juu ya mitende, shingo wamezinyosha, nyuso zote zimeelekea upande mmoja. Kisha ngamia, Qaswa, anaachiwa aende apendapo, na umati unampisha. Tumeona ngamia, tumeona njia ikifunguka, na kila mtu ukumbini amejua nani amefika.

Sisi wa pwani jambo hili si geni kwetu. Maulidi ya Barzanji yanaposomwa na wasomaji wakafika mahali pa kuzaliwa kwake, watu wote husimama. (Najua wako wanaoukataa msimamo huo, na mjadala wao si wa ukurasa huu.) Hakuna picha iliyotundikwa ukutani. Heshima imeonekana katika miili ya waliosimama, na mgeni asiyejua neno hata moja la Kiarabu angeitambua.

Njia ya tatu ni ya juu na chini. Mwanzoni Bilal tunamwona amelazwa mchangani, jiwe kifuani, mabwana wamemsimamia. Karibu na mwisho, Makka ikiwa imekwisha kufunguliwa, Bilal yule yule anapanda juu ya Al-Kaaba kuadhini. Sasa yeye yuko juu na mbingu nyuma yake, na mabwana wa Kikureshi wako chini wakiinua shingo. Hakuna mtu aliyehutubia juu ya usawa wa watu. Kwa mahali mtu alipowekwa tu, hotuba imekwisha.

Kwa Najashi huko Habashi, nako imetosha fimbo moja. Jaafar amekwisha kusoma katika Sura ya Maryamu, naye mfalme anapiga mstari chini kwa fimbo yake kuonyesha jinsi tofauti ya dini zao ilivyo nyembamba. Mstari wenyewe haumchukui mtazamaji hata dakika moja, lakini ndio anaotoka nao.

Palipolegea ni vitani. Huko Badri na Uhud, kwa kuwa Mtume haonekani, Hamza ndiye anayeonekana kuongoza jeshi, na kijana asiyeijua sira anaweza kutoka akidhani ndivyo ilivyokuwa. Sayyidna Ali naye tunaonyeshwa upanga wake tu, Dhulfiqar yenye ncha mbili, ukikatiza mbele yetu. Adabu imehifadhiwa, lakini vita vimebaki na pengo.

Jambo la mwisho ni uso. Akkad alitengeneza sinema mbili kwa pamoja, ya Kiingereza na ya Kiarabu, katika majengo yale yale lakini kwa waigizaji mbalimbali. Hind wa Kiingereza ni Irene Papas wa Ugiriki. Wa Kiarabu ni Muna Wassef wa Syria. Hamza wa Kiingereza ni Quinn, na wa Kiarabu ni Abdullah Gaith wa Misri. Quinn ni bingwa, hilo halina ubishi. Lakini uso wake tumekwisha kuuona katika "Lawrence of Arabia" ya 1962 na "Zorba the Greek" ya 1964, na anapoitazama kamera tunamwona Quinn kwanza, Hamza baadaye. Gaith akitazama pale pale, wengi wetu hatuna sinema nyingine ya kumkumbukia. Mwenye kuweza kuchagua, nampendekezea ile ya Kiarabu, hata kama lugha itampita.