Serikali Inaponunua Vitu vya Nje

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutuzwa." Huko Marekani neno hili limo hata katika sheria. Tarehe 3 Machi 1933, wakati watu wengi walipokuwa hawana kazi, Rais Herbert Hoover alitia sahihi sheria iitakayo Serikali inunue vitu vilivyotengenezwa nchini. Lakini sheria hiyo ina milango ya ruhusa, nayo yafaa tuijue.

Mlango wa kwanza ni wa vitu visivyopatikana nchini kwa wingi utoshao au kwa ubora unaotakiwa. Katika orodha yake zimekuwamo korosho, kahawa mbichi, chai na katani, mazao tunayoyajua sana hapa Afrika Mashariki.

Wa pili ni wa bei. Mwaka 1954 Rais Eisenhower aliweka kipimo: bei ya kitu cha nje iongezwe asilimia 6, ndipo zilinganishwe. Cha nje cha dola 100 kilihesabiwa 106. Cha nchini kikiwa 110, kilishindwa. Mwaka 2021 kipimo cha idara za kiraia kilipandishwa hadi asilimia 20 au zaidi. Sasa cha nchini cha 110 kikashinda.

Wa tatu ni pale mkuu wa idara aonapo kuwa kununua cha nchini kutadhuru manufaa ya umma.

Basi tufikiri. Dola 10 zile zinazozidi hulipwa na mtoa kodi. Zisipolipwa, fundi wa nchini hukosa kazi. Mlango ukifungwa kabisa, Serikali hukosa kahawa. Ukiachwa wazi, sheria hubaki karatasi tu.