JE, NI DHAMBI KUMRUDISHA MTOTO NYUMBANI?



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unagusa jambo ambalo wazazi wengi hulibeba moyoni bila kuthubutu kulitamka mbele za watu. Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka minne ana saratani. Amelazwa hospitali ya rufaa kwa miezi kadhaa. Uvimbe ulipungua, kisha ukarudi kwa nguvu. Siku moja daktari anamwita mama pembeni na kumwambia: “Mama, dawa hizi hazimsaidii tena. Zipo nyingine kali zaidi, lakini hatutegemei zimponye. Au unaweza kurudi naye nyumbani, tukakupa dawa za kutuliza maumivu.”

Mama anarudi kitandani akiwa ameishiwa nguvu. Huko kijijini baba anasubiri kuambiwa kama auze ng’ombe wawili waliobaki. Bibi ameshasema kwamba wakimtoa hospitali watakuwa wamemuua. Jirani anamtaja mganga wa ng’ambo ya mto. Naye mama anajiuliza usiku kucha: “Nikimrudisha nyumbani, nitamjibu nini Mwenyezi Mungu?”

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hatuandiki kumhukumu mama huyo, bali kumsaidia kulijibu swali lake.

Makosa mawili

Katika kumuuguza mtoto aliye taabani kuna makosa mawili, na yanakaa pande mbili za njia. Kosa la kwanza ni kukata tamaa mapema. La pili ni kung’ang’ania tiba isiyosaidia tena.

Tuanze na la kwanza, kwa kuwa ndilo linalochukua uhai wa watoto ambao wangepona. Wapo wazazi wanaoona hali ya mtoto na kusema, “Huyu ni wa kufa tu,” kabla hajaonwa na daktari. Mtoto mwenye kichwa kikubwa hufichwa chumba cha ndani, wakati upasuaji wa mapema unaweza kuyaondoa maji yanayoukandamiza ubongo. Mtoto mwenye mgongo wazi naye hufanyiwa upasuaji. Mng’ao mweupe ndani ya mboni ya jicho unaweza kuwa saratani ya jicho, na ikigunduliwa mapema mtoto huokolewa. Uvimbe wa taya unaokua haraka unaweza kuwa saratani iitwayo Burkitt, kwa jina la daktari mpasuaji Denis Burkitt aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Saratani hiyo hutisha kwa kuitazama, lakini ni miongoni mwa zile ambazo dawa huweza kuziponya kabisa. Mtoto mwenye sikoseli naye, akihudhuria kliniki na kutumia dawa zake, anaweza kukua na kusoma kama wenzake.

Kosa hili halitokani na umaskini peke yake. Mwezi Aprili 1982, katika mji wa Bloomington, jimbo la Indiana nchini Marekani, alizaliwa mtoto mwenye hali iitwayo Down, ambayo humfanya mtoto achelewe kukua kiakili. Njia yake ya chakula ilikuwa na kasoro iliyomzuia kula, kasoro ambayo kwa kawaida hurekebishwa kwa upasuaji. Wazazi walikataa upasuaji huo na mahakama ikawakubalia. Mtoto akafa baada ya siku 6. Habari hiyo iliwashtua Wamarekani wengi, na mwaka 1984 serikali yao ikatunga sheria ya kuwalinda watoto wa namna hiyo. Tunaona wazi kwamba mtoto yule hakunyimwa upasuaji kwa sababu usingemsaidia. Alinyimwa kwa sababu alikuwa na ulemavu. Hapo Kanisa halina mashaka: huko ni kumtupa mtu ambaye Mungu amemwumba kwa mfano wake.

Kosa la pili huvaa sura ya upendo. Mtoto anakufa, na kila mtu anaona. Lakini kwa hofu ya kuambiwa “mlimwacha,” familia inamhamisha kutoka hospitali moja hadi nyingine, kutoka kwa mwombeaji hadi kwa mganga. Shamba linauzwa. Mtoto anachomwa sindano juu ya sindano, na siku zake za mwisho anazimaliza ndani ya basi, mbali na ndugu zake, akilia kwa maumivu ambayo hakuna aliyeyashughulikia.

Kanisa linafundisha nini?

Wako waamini wanaodhani kwamba Kanisa linadai uhai urefushwe kwa kila njia na kwa gharama yoyote. Sivyo. Tangu karne ya 16 walimu wa maadili, miongoni mwao padre Mdominiko Francisco de Vitoria wa Hispania, walifundisha kwamba mtu anawajibika kuutunza uhai wake kwa njia za kawaida, lakini halazimiki kutumia njia zilizo mzigo kupita kiasi au gharama iliyo nje ya uwezo wake. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pius XII aliwaeleza madaktari fundisho hilo, walipomwuliza kuhusu mashine za kupumulia. Mwaka 1980 Kanisa likalieleza tena katika tamko lake juu ya eutanasia, yaani kumwua mgonjwa kwa kisingizio cha kumhurumia. Papa Yohane Paulo II alilithibitisha katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaligusa katika namba 2276 hadi 2279.

Kwa ufupi, fundisho lenyewe ni hili. Kumwua mgonjwa, kwa sindano au kwa kumnyima kwa makusudi kitu anachokihitaji ili afe, ni dhambi kubwa, hata kama mtu anasema amefanya kwa huruma. Lakini kuacha tiba iliyo mzigo mkubwa, ya hatari, au isiyolingana na faida inayotegemewa, si kuua. Ni kukubali kwamba hatuwezi kukizuia kifo. Kinachomwondoa mtoto hapo ni ugonjwa wake.

Hata hivyo, tiba ikiachwa, matunzo hayaachwi. Kuoshwa, kugeuzwa, kupewa chakula na maji kadiri mwili unavyoweza kupokea, kutulizwa maumivu na kushikwa mkono ni haki ya kila mgonjwa hadi pumzi ya mwisho. Barua ya Kanisa iitwayo Samaritanus bonus, iliyotolewa mwaka 2020, inalisema hilo kwa watu wazima na kwa watoto pia.

Nani aamue?

Wengi wetu tulisikia habari za Alfie Evans, mtoto wa Liverpool, Uingereza, aliyekuwa na ugonjwa wa ubongo usio na tiba. Madaktari walisema mashine ya kupumulia haimfai tena. Wazazi wake walitaka kumpeleka hospitali ya watoto ya Bambino Gesù huko Roma, ambayo ni mali ya Kiti Kitakatifu na ilikuwa tayari kumpokea. Mahakama ilikataa. Mashine iliondolewa, akapumua mwenyewe kwa siku kadhaa, akafariki tarehe 28 Aprili 2018 akiwa hajatimiza miaka 2. Hata Wakatoliki wenyewe walitofautiana juu ya suala hilo. Wengine waliona kwamba tiba ilikuwa imefika mwisho, wengine kwamba wazazi walinyimwa nafasi yao.

Kwetu sisi watoto wengi hawafikii mashine wala mahakama. Lakini tunajifunza kwamba uamuzi wa namna hii hauna budi kufanywa na wazazi na daktari kwa pamoja, wakisikilizana. Daktari anajua ugonjwa. Mzazi anamjua mtoto. Na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa asikilizwe pia. Akisema amechoka na sindano, asikaripiwe.

Mzazi asiogope kumwuliza daktari maswali haya:

1. Je, tiba hii itamponya, itampa nafuu, au itachelewesha kifo kwa siku chache tu?
2. Itamletea maumivu na madhara gani?
3. Itagharimu kiasi gani, na itachukua muda gani?
4. Tukiacha, ugonjwa utaendeleaje, na maumivu yake yatatulizwaje?
5. Je, inafaa daktari mwingine atoe maoni yake?

Kuhusu gharama, kabla ya kuuza ng’ombe, muulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kama kuna msamaha wa malipo. Kama tiba ingeweza kumponya mtoto lakini familia haina uwezo, hilo ni deni letu sote, parokia na jumuiya, si la baba na mama peke yao. Lakini kama tiba haitegemewi kuponya, mzazi halazimiki kuuza chakula cha watoto wengine. Kanisa halimdai hivyo.

Maumivu yasivumiliwe bure

Wapo wanaoogopa mofini wakidhani ni dawa ya kuua au ya kulevya. Mofini ikitolewa na mtaalamu kwa kipimo sahihi, ni dawa nzuri ya maumivu makali, hata kwa watoto. Dk. Anne Merriman, aliyewahi kuwa sista mmisionari, alianzisha Hospice Africa nchini Uganda mwaka 1993, akaeneza matumizi ya mofini ya kunywa, ambayo ni unga unaochanganywa na maji na gharama yake ni ndogo. Papa Pius XII alikwisha kufundisha mwaka 1957 kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa hizo, hata zikiweza kupunguza siku za mgonjwa, maadamu nia ni kutuliza maumivu na si kuua.

Kwa hiyo, kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali, ulizia tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyeweza kupona. Ukifika nyumbani zingatia haya:

(a) Mpe dawa ya maumivu kwa saa ulizoelekezwa. Usingoje alie. Usiongeze kipimo bila ushauri, na iweke mbali na watoto wengine.

(b) Mofini husababisha choo kigumu. Omba dawa ya kulainisha choo.

(c) Mgonjwa haulizwi uji, ndiyo, lakini mtoto aliye karibu kufa akikataa chakula asilazimishwe, maana anaweza kupaliwa. Mpe kidogo kidogo anachokipenda. Asipoweza kumeza, lowanisha midomo yake kwa kitambaa safi chenye maji.

(d) Mgeuze kila baada ya saa chache asipate vidonda. Akihema kwa shida, mwinue kichwa na kifua, fungua dirisha, mpepee taratibu.

(e) Saa za mwisho pumzi huweza kukoroma. Mara nyingi sauti hiyo hututesa sisi tunaosikia kuliko mtoto mwenyewe. Mpakate, mwimbie, mtaje jina.

Roho yake nayo

Mtoto ambaye hajabatizwa na yuko katika hatari ya kufa abatizwe bila kuchelewa. Padre asipopatikana, mtu yeyote mwenye nia njema anaweza kubatiza kwa maji na kwa maneno ya ubatizo. Katekista awafundishe waamini wote jinsi ya kufanya. Mwiteni paroko mapema, kwa maana katika hatari ya kufa padre yeyote anaweza kumpa mtoto Kipaimara. Akiweza kutofautisha Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida, anaweza kupokea Komunyo. Akiwa amefikia umri wa kutumia akili, apewe Mpako wa Wagonjwa.

Nasi wanajumuiya tuache kunong’ona kwamba mtoto amelogwa au kwamba wazazi wana dhambi. Wanafunzi walipomwuliza Yesu juu ya kipofu wa tangu kuzaliwa, aliyakataa mawazo hayo (Yn 9:1-3). Badala ya maneno, tupeleke sabuni, kuni na unga. Tumkalie mtoto usiku mmoja ili mama alale. Tuwaangalie ndugu zake wadogo, ambao mara nyingi husahaulika kabisa.

Jibu kwa mama

Sasa turudi kwa mama wa mfano wetu. Mtoto wake ameonwa na wataalamu na tiba iliyofaa imejaribiwa. Kilichobaki hakitegemewi kumponya, bali kitamwongezea mateso. Mama huyo akimchukua mtoto wake na chupa ya dawa ya maumivu, akamlaza kitandani pake katikati ya ndugu zake, hajamuua wala hajamwacha. Anaendelea kumtunza, na anaweza kusimama mbele za Mungu bila hofu. Bibi naye aelezwe hivyo, kwa upole na heshima. Naye baba abaki na ng’ombe wake wawili, maziwa yawafae watoto waliobaki.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu kuna mtoto mgonjwa au mlemavu aliyefichwa ndani? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake juma hili?
2. Tunazisaidiaje familia zinazomwuguza mtoto asiyetegemewa kupona?
3. Ni wangapi kati yetu wanaojua kubatiza katika hatari ya kufa?

Tukutane mwezi ujao. Mungu awabariki.