Sifa ni Deni: Funzo la Sidney Poitier

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Walimu wa drama huirudia methali hii kila mwaka wanapowashajiisha wanafunzi wao kupanda jukwaani. Ila mara chache sana hujiuliza: na yule achezaye ugenini, mbele ya watu wanaoicheka hata namna yake ya kutamka maneno, atatunzwa na nani? Na akishatunzwa, sifa hiyo ataifanyia nini? Maswali haya yamenirejea nilipokuwa nikiyapitia upya masimulizi ya Sidney Poitier, mwigizaji wa filamu aliyefariki tarehe 6 Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 94. Poitier aliandika vitabu kadhaa juu ya maisha yake, na ndani yake hakujisifu kupita kiasi wala hakujificha. Nadhani walimu na wanafunzi wetu wana haja ya kumsikiliza.

Alizaliwa Miami, nchini Marekani, tarehe 20 Februari 1927, wazazi wake walipokuwa wamekwenda huko kuuza nyanya. Kwao hasa kulikuwa Cat Island, kisiwa cha Bahamas, ambako baba yake alikuwa mkulima maskini. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akiwa mdogo mno hata baba akatafuta kisanduku cha kumzikia. Mama alikataa kukata tamaa, na mtoto akaishi. Alikulia katika kisiwa kisichokuwa na umeme wala motokaa. Alipotimiza takriban miaka kumi, familia ilihamia Nassau, na huko ndiko alikoona filamu kwa mara ya kwanza. Akiwa na umri wa miaka 15 alipelekwa Miami kwa ndugu yake, na muda si mrefu akajikuta New York, peke yake, akiosha vyombo katika mikahawa.

Siku moja aliona katika gazeti tangazo la kutafuta waigizaji. Akaenda kujaribu bahati yake katika American Negro Theatre. Alipewa maandishi ayasome. Kusoma kulimshinda, na lafudhi yake ya visiwani ilikuwa nzito. Aliyekuwa akimpima alimtoa nje na kumwambia aache kuwapotezea watu wakati, akatafute kazi ya kuosha vyombo. Poitier alieleza kwamba kilichomchoma si kukataliwa. Kilichomchoma ni kwamba hakuwa amemwambia mtu yule kazi anayoifanya. Je, uoshaji vyombo ulikuwa umeandikwa usoni mwake? Basi hakuingia katika sanaa kwa mapenzi ya sanaa. Aliingia kwa hasira, ili athibitishe kwamba mtu yule alimsoma vibaya.

Akanunua redio. Kwa muda wa miezi sita hivi alikuwa akisikiliza watangazaji na kuyarudia maneno yao, sauti kwa sauti, sentensi kwa sentensi, mpaka lafudhi ile ikalainika. Ama kuhusu kusoma, Mungu alimletea mwalimu asiyetarajiwa. Katika mkahawa mmoja alimokuwa akifanya kazi palikuwa na mhudumu mzee, Myahudi, aliyemwona akilitazama gazeti. Mzee akamuuliza kuna habari gani. Kijana akakiri kwamba hajui kusoma vizuri. Kuanzia hapo, usiku baada ya usiku, wateja walipokwisha kuondoka, mzee yule aliketi naye gazeti likiwa mbele yao, akamfundisha maneno, akamfundisha silabi, akamfundisha hata koma ni kitu gani na kwa nini huwekwa. Baada ya majuma kadhaa njia zao ziliachana, na Poitier hakupata kumwona tena ili amshukuru. Mwaka 1992, alipotunukiwa na Taasisi ya Filamu ya Marekani tuzo ya kazi ya maisha yake yote, alisimama mbele ya wakubwa wa Hollywood na kumtaja mhudumu huyo.

Msomaji mpenzi, hapa naomba nisimame kidogo, maana kisa hiki kinagusa kazi ninayoila mkate wake. Taaluma ya isimu inatufunza kwamba hakuna binadamu asiyekuwa na lafudhi. Anayedhani kwamba hana, ni kwa kuwa lafudhi yake imepewa mamlaka. Hata hivyo, nimeingia madarasani na kushuhudia mwanafunzi aliyetamka "kurara" badala ya "kulala" akichekwa na darasa zima, mwalimu akiwa miongoni mwa wachekaji. Mwanafunzi huyo hakujibu swali jingine kwa muda uliosalia wa kipindi. Wazee wetu wengi wanakumbuka kipande cha mti au cha chuma walichovishwa shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama shuleni. Kipande kile kimeondoka katika shule nyingi, lakini kicheko kimebaki.

Sisemi kwamba matamshi sanifu hayana maana. Poitier mwenyewe alijitaabisha kuyapata, na yakamfungulia milango. Ninachosema ni kwamba watu wawili walikutana na upungufu uleule katika kijana yuleyule. Mmoja alimfungia mlango. Mwingine alivuta kiti akaketi. Wa kwanza alikuwa mtaalamu wa sanaa na wa pili alikuwa mhudumu wa mezani, ilhali aliyekuwa mwalimu kati yao ni huyo wa pili.

Mwaka 1950 Poitier alionekana katika filamu ya No Way Out, akiigiza daktari. Ni wakati huo ndipo aliporudi Bahamas kuwaona wazazi wake baada ya takriban miaka minane ya ukimya. Kwa nini hakuwaandikia barua? Alieleza kwamba aliona haya kutuma barua isiyokuwa na pesa ndani yake. Sina haja ya kulifafanua jambo hili kwa msomaji wa Kenya. Ni vijana wangapi walioko mijini ambao hawajakanyaga nyumbani tangu Krismasi ya miaka mingi iliyopita, si kwa sababu wamewasahau wazazi, bali kwa sababu mikono mitupu inawaonea haya? Mama zao hawangojei pesa hizo. Wanangoja kusikia kwamba mtoto yu hai.

Wazazi wa Poitier walipelekwa kuitazama filamu hiyo. Mama yake, ambaye hakuwa na mazoea ya sinema, alipoona mzungu akimpiga mwanawe, alipiga kelele ukumbini akimhimiza mwana ajibu. Watu walicheka, lakini naona mama huyo aliielewa filamu kuliko wengi. Miaka michache baadaye, mwaka 1957, ilitoka filamu ya Something of Value, iliyopigwa hapa kwetu Kenya wakati wa hali ya hatari. Poitier aliigiza kijana aitwaye Kimani, aliyekua pamoja na mtoto wa mlowezi kama ndugu. Kimani anapigwa kofi na mzungu, na hakuna kofi linalorudishwa. Anaishia msituni kwa Mau Mau na mwishowe kaburini. Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya Robert Ruark, na ingawa inaonyesha dhuluma, jicho linaloangalia ni la mlowezi. Hapa nina hoja na mzee Poitier: kipaji chake kilikopeshwa kwa simulizi ambayo wenye nchi hawakuisimulia wao.

Lakini haki itendeke. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda vyuo vya Marekani, Poitier, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, alitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Kijana aliyefundishwa kusoma na mhudumu akawa anawasaidia wengine wasome. Hiyo ndiyo namna bora ya kumlipa mwalimu ambaye humwoni tena.

Na kofi la Kimani je? Lilirudishwa miaka kumi baadaye. Katika In the Heat of the Night ya mwaka 1967, Poitier akiwa mpelelezi Virgil Tibbs alipigwa kofi na tajiri wa Kusini mwa Marekani, naye papo hapo akamrudishia. Nadhani yule mama wa Cat Island alikuwa ameshinda hoja yake.

Ujasiri huo haukuanzia kwenye umaarufu. Katika miaka ya hamsini, alipokuwa hana kitu na mkewe akikaribia kujifungua, alipewa nafasi ya kuigiza baba ambaye bintiye anauawa naye ananyamaza tu. Aliikataa. Alisema kwamba baba yake mzazi asingenyamaza, kwa hiyo naye hawezi kuonyesha baba wa namna hiyo. Kisha akaweka rehani vyombo vya nyumbani ili apate dola 75 za kulipia hospitali. Kukataa rushwa au kazi ya aibu mtu akiwa ameshiba ni jambo jema. Kukataa akiwa na njaa ndio mtihani wenyewe.

Sifa nazo zilikuja kwa kishindo. Mwaka 1964 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, kwa filamu ya Lilies of the Field. Wa pili, Denzel Washington, aliipata mwaka 2002, yaani miaka 38 baadaye. Mwaka 1967 pekee zilitoka filamu zake tatu mashuhuri, mojawapo ikiwa To Sir, with Love, inayohusu mwalimu mweusi katika shule ya watoto maskini wa London. Lakini ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Mwaka huohuo mwandishi mweusi Clifford Mason alimshutumu katika The New York Times kwamba anaigiza mtu mweusi asiye na dosari, aliyetengenezwa ili awaridhishe wazungu. Lawama hizo zilimuuma. Alikiri kwamba zilikuwa na ukweli fulani, akakumbusha pia kwamba wakati ule alikuwa karibu peke yake. Baadaye aligeukia uelekezaji wa filamu, akawapa wengine nafasi. Mtu akiwa peke yake jukwaani hubebeshwa mzigo wa taifa zima, na dawa yake ni kuongeza waigizaji, si kumpiga mawe aliyetangulia.

Limebaki la nyumbani, na hapa ndipo mzee huyu aliponigusa zaidi. Alimuoa Juanita Hardy mwaka 1950, wakapata mabinti wanne. Katika filamu ya Porgy and Bess, iliyotoka mwaka 1959, alikutana na mwigizaji Diahann Carroll, na mapenzi yakazuka ilhali kila mmoja alikuwa na ndoa yake. Ndoa ya Poitier ilivunjika mwaka 1965. Mwaka 1976 alimuoa Joanna Shimkus, aliyemzalia mabinti wawili. Mtu ambaye hakutaka kuigiza baba dhaifu katika filamu alikuwa na udhaifu katika nyumba yake mwenyewe. Hakuyaficha haya; aliyaandika, na akaeleza jinsi hatia kwa watoto ilivyomwandama kwa miaka. Baba yake alimwachia kipimo kimoja cha mwanamume: namna anavyowatunza watoto wake. Uzeeni Poitier alijipima kwa mizani hiyo, na hesabu aliitoa yeye mwenyewe, hakungoja magazeti yamtolee.

Wanafunzi wetu leo wanatamani umaarufu, tena upesi. Siwalaumu. Ila waelewe kwamba sifa ni deni. Poitier alidaiwa na wazazi waliongoja barua, na watoto waliongoja baba, na watu weusi waliotaka wawakilishwe kwa ukweli. Baadhi ya madeni aliyalipa; mengine alikiri kwamba aliyachelewesha.

Nasi walimu, tukumbuke kwamba jina la mhudumu yule halikuandikwa katika ukuta wowote. Hakuwa na cheti cha ualimu, hakulipwa mshahara wa masomo yale, na yamkini alifariki bila kujua kwamba kijana aliyemwelekeza koma alipata Oscar. Kesho, mtoto wa "kurara" atakapoinua mkono tena darasani, kama ataujasiria, sisi tutachagua kuwa nani: yule aliyefunga mlango, au yule aliyevuta kiti?