Baraza la Darasa katika Mtandao

Mwaka 2008 watumishi wawili wa shule za eneo la Chicago, Nic Borg na Jeff O'Hara, waliasisi Edmodo, mtandao wa jamii uliokusudiwa walimu na wanafunzi. Mwalimu aliunda kundi la darasa lake, akawapa wanafunzi alama ya siri ya kuingilia. Humo aliuliza swali, na kila mmoja akajibu kwa maandishi mbele ya wenziwe.

Faida iliyo kubwa, kwa maoni yetu, si wepesi bali ushahidi. Aonaye haya kunena darasani hupata nafasi ya kuyapima maneno yake (msemaji sana naye, kwa bahati mbaya, huzidi kusema), na mwalimu wa lugha huyakuta yote yameandikwa: makosa, masahihisho, hata mabishano juu ya neno moja.

Shule za Misri zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, serikali iliuchagua mtandao huu. Lakini mwezi Septemba 2022 Edmodo yenyewe ilifungwa. Mwalimu aliyetaka kulinganisha insha za wanafunzi wake za mwaka 2012 na za mwaka 2020 hakuwa na pa kuzisomea, ila kama alikwisha kuzinakili.